Tuligawana Folda ya Mama

Waya niliupitisha juu ya dari, kutoka meza yangu ya sebuleni hadi chumba cha uani anakokaa dada yangu. Ulikuwa mita kumi na nane pamoja na akiba ya kona. Nilipima kwa kamba, kisha nikapima tena kwa futi ya chuma, kwa sababu kamba huvutika. Mimi ni fundi wa mizani, na kupima mara mbili kwangu ni mazoea tu.

Chanzo cha waya kilikuwa printa. Nyumba yetu ya Ruhuwiko ina printa moja, nayo imeungwa kwenye kompyuta yangu. Dada, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa, ni katibu wa jumuiya yetu na ndiye anayechapa maneno ya nyimbo za kwaya. Kila alipotaka ukurasa mmoja alivuka uwanja na flashi mkononi, na wakati wa masika alivuka na beseni kichwani ili asilowe. Flashi hiyohiyo aliipeleka stationeri mjini, ikarudi na virusi vinavyogeuza kila folda kuwa njia ya mkato isiyofika popote. Niliisafisha mara tatu. Ilipokuja mara ya nne nikaamua kuziunga kompyuta zenyewe, yangu na laptopu yake, ili flashi ipumzike.

Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusoma maelezo, kujaribu, kukosea na kuandika daftarini nilichokosea. Kazi hii ilichukua kurasa saba za daftari. Kompyuta zote mbili ziwe katika kikundi chenye jina moja. Mtandao utajwe kuwa wa nyumbani, si wa hadharani, la sivyo kompyuta hujifungia na kukataa kuonekana. Kila moja ipewe namba yake isiyobadilika. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, ukurasa uliotumwa kutoka uani ulitoka sebuleni.

Mke wangu alikuwa ameshika boksi la ruta niliyoungia waya huo, akisoma maandishi ya ubavuni.

"Mbona hapa wameandika 'wifi'?" alisema. "Mimi wifi ninaye tayari, na ananitosha."

"Huyo wa kwenye boksi hali ugali wako," dada alimjibu kutoka mlangoni. "Mshukuru."

"Wala hanisemi nikichelewa kuamka."

Nilikuwa na furaha, na nilitaka dada aelewe nilichokifanya. Nilisema, "Sasa dada, tunagawana printa."

"Tunaigawanaje? Wewe uchukue wino, mimi nichukue karatasi?"

"Karatasi utaleta mwenyewe."

"Basi huo si mgawo, mdogo wangu, huo ni ukoloni."

"Na mafaili pia tunagawana," niliendelea. "Kila kilichomo kwenye folda hii utakiona kwako."

"Haya. Nipe fungu langu."

Tulicheka wote watatu. Neno hilo nililichagua kwa kufikiri. Nilikuwa nimefikiria kusema "tunashiriki", lakini kushiriki kwetu ni neno la kanisani, la kupokea komunyo, na nilijua dada angeniuliza kama printa imeungama. Kwa hiyo nikasema kugawana.

Ndani ya folda hiyo ya pamoja nilikuwa nimeweka folda tatu ndogo: ya kwaya, ya barua za jumuiya, na ya tatu niliyoiita Mama. Sina budi kueleza hiyo ya tatu kabla sijaendelea.

Mama anaishi nasi. Kabla hajapatwa na kiharusi nilikuwa nikikaa naye Jumamosi alasiri na simu mezani, nikimrekodi akisimulia habari za Maposeni alikoolewa, za mashamba, za watoto aliowazaa na wale aliowazika. Alisema Kingoni, akaingia Kiswahili, akarudi. Nilipata rekodi kumi na sita. Kisha kiharusi kikaja na kumwachia sauti moja tu, "ee", ambayo huitoa akiwa na njaa na huitoa akiwa ameshiba. Dada wakati huo alikuwa bado muuguzi Tunduru. Alistaafu miezi michache baadaye akaja kumtunza, na tangu alipofika mama hajamwambia neno hata moja.

Rekodi ya kumi na nne ilikuwa ya dada. Siku hiyo mama alisema kabisa kwamba maneno haya ni ya binti yake, na akanipa sharti: "Asisikie kwako. Asikie kwangu." Nililiheshimu. Lakini mimi nilikuwepo, nimekaa mkabala naye, kwa hiyo najua alichosema.

Alisema habari za kifo cha baba. Ni zamani, simu za mkononi hazijafika kwetu, na barabara ya Tunduru wakati wa masika ilikuwa tope tupu. Malori yalilala njiani siku nne, tano. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Dada alipata habari kwa mdomo wa dereva wa lori: baba hali yake mbaya, njoo. Alikuwa na zamu wodini, akaimaliza, akaondoka kesho yake asubuhi. Alipofika Maposeni kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Tangu hapo dada amebeba zamu ile. Hasemi mara nyingi, lakini akisema huanza hivi: "Kama ningeondoka siku ileile."

Kwetu mtu aliye safarini haambiwi kwamba mzazi amefariki. Huambiwa mgonjwa hali mbaya, ili asije akaanguka njiani. Dada anaujua utaratibu huo kama sisi sote, na mara nyingine aliutumia mwenyewe wodini. Asichokijua ni kwamba dereva alipewa ujumbe ule baba akiwa tayari ardhini. Mama ndiye aliyezuia. Dada alikuwa mjamzito, wiki hiyohiyo lori lilikuwa limepinduka na watu, na mama akawaambia wazee: tuzike kwanza, ndipo aitwe. Wazee wale wamekufa wote. Mama alikaa na jambo hilo hadi uzeeni, akalisema mara moja, kwenye simu yangu.

Nilimwambia dada kwamba kuna rekodi yake, namba kumi na nne. Alitikisa kichwa.

"Si sasa," alisema. "Siku nikiisikia, hakutakuwa na kingine cha kusubiri kutoka kwake."

Sikumshurutisha. Nilijiambia kwamba rekodi haiozi.

Kuna kosa jingine linalonihusu mimi peke yangu. Unapoiweka folda kwenye mtandao wa nyumbani, kompyuta hukuuliza huyo mwingine aruhusiwe nini: kusoma tu, au kusoma na kubadilisha. Kwanza niliweka kusoma tu. Dada akashindwa kuhifadhi wimbo wa Pentekoste, akalalamika. Ningeweza kutoa ruhusa ya kubadilisha kwa folda ya kwaya na ya barua, nikaiacha ya mama ikiwa ya kusoma tu. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Niliibadilisha folda yote kwa pamoja, nikaandika daftarini: "Ruhusa kamili. Inafanya kazi."

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa mezani nimefungua mizani ya mnunuzi wa mahindi, sahani upande mmoja, skrubu ndogo nimezipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa kuzirudisha. Dada alikuwa chumbani kwake na laptopu. Alikuwa na desturi ya kunisomea kwa sauti kila ujumbe unaotokea kwenye kioo, kutoka uani, kana kwamba mimi ndiye niliyeuandika.

"Fundi! Inasema nisubiri!"

"Basi subiri!"

"Inasema nafasi imekwisha!"

"Punguza vitu usivyotumia, dada!"

Nilisikia jirani akitwanga. Kisha:

"Inaniuliza kama nina uhakika!"

Nilikuwa na skrubu kati ya vidole viwili. Ningeinuka ingenidondoka.

"Bonyeza ndiyo!" nilisema.

Akabonyeza.

Alhamisi nilifungua folda ya pamoja kutafuta barua ya jumuiya. Kulikuwa na folda mbili. Nilihesabu tena, ingawa mbili haihitaji kuhesabiwa. Nilifungua kapu la taka la kompyuta, ambamo vitu vilivyofutwa husubiri; lilikuwa tupu. Hapo ndipo nilipokumbuka nilichowahi kukisoma na kukipita: faili likifutwa kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao, halipiti kwenye kapu. Linakwenda moja kwa moja.

Nilivuka uwanja. Dada alikuwa akimlisha mama uji kwa kijiko, kidogo kidogo, akimfuta kidevu kila mara.

"Dada, folda ya mama umeifanya nini?"

"Nimeitoa. Ilikuwa imejaza laptopu."

"Umeitoa wapi?"

"Kwangu." Alinitazama. "Ya kwako si unayo? Nilijiambia nikihitaji nitakuja kuchukua tena."

"Ni ileile, dada. Ilikuwa moja, imekaa kwangu."

"Wewe ulisema tumegawana."

Kijiko kilikuwa kimesimama hewani, mama akikifuata kwa macho.

"Ulisema tumegawana," alirudia, safari hii polepole. "Kitu kikigawanywa, mimi nina changu na wewe una chako. Mimi nimefuta changu."

Alikuwa na haki. Ndugu wakigawana shamba, kila mmoja ana kipande chake, na akikichoma moto hajaunguza cha mwenzake. Kisima hakigawanywi. Kinatumiwa na wote, na mmoja akikitibua kimetibuka kwa wote. Nilikuwa nimempa kisima nikakiita shamba. Mtu mwingine angesema ni neno tu. Mimi kazi yangu ni kukataa mizani iliyokosea gramu kumi.

"Na ya kumi na nne?" aliuliza.

"Ilikuwemo humo."

Aliweka bakuli chini. Alimgeukia mama, akavuta shuka akamfunika miguu iliyokuwa tayari imefunikwa.

Nilirudi nikaizima kompyuta hapohapo, kwa kuwa faili lililofutwa hubaki diskini hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini kuanzia Jumanne hadi Alhamisi nilikuwa nimeitumia kawaida. Nilikuwa nimechapa nyimbo, nimepokea picha za kipaimara za mtoto wa shemeji yangu wa Madaba, na kompyuta yenyewe ilikuwa imejipakulia masasisho makubwa bila kuniuliza. Kila kimoja kati ya hivyo kingeweza kuwa kimekaa juu ya sauti ya mama.

Nilikuwa na diski ya nje ambayo huhifadhi nakala za kila kitu mwisho wa mwezi. Niliifungua. Zilikuwemo rekodi kumi na moja za kwanza. Tano za mwisho nilizirekodi katika mwezi uleule aliougua. Mwisho wa mwezi huo nilikuwa hospitalini, nimekaa kwenye benchi la wodi, na nakala haikufanyika. Miezi iliyofuata nilianza tena kunakili, lakini kwa kuanzia na kazi mpya tu, kwa sababu niliamini kwamba za nyuma zilikwisha kushughulikiwa. Simu niliyorekodia ilikuwa imekufa zamani.

Nilichomoa diski ya kompyuta yangu, nikaiunga kwenye laptopu ya dada kwa kebo, nikaendesha programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Ilifanya kazi Ijumaa kutwa. Dada alikaa kwenye kigoda karibu na meza, akichambua maharage. Mke wangu alikuja mara mbili, akasimama, akaondoka. Mara ya pili alimletea dada chai, akasema, "Kunywa, wifi," na wala hakutania.

Programu ilitoa mafaili ya sauti manne. Hayakuwa na majina, namba ndefu tu. Tuliyasikiliza kwa zamu. La kwanza lilikuwa la kumi na mbili, zima. La pili lilikuwa la kumi na sita, limekatika mwishoni. La tatu lilikuwa mvumo mtupu. Katika la nne mama alikohoa, akasema, "Imeshaanza?" na sauti yangu ikamjibu imeanza. Akasema, "Haya. Binti yangu." Halafu akanyamaza kama anavyonyamaza mtu anayetafuta pa kuanzia. Kisha ukaja mkwaruzo, kama changarawe kwenye bati, ukaendelea hadi mwisho.

Nilisogeza mbele. Mkwaruzo. Nikasogeza zaidi. Mkwaruzo. Nilijaribu programu nyingine mbili. Dada alinishika mkono.

"Acha," alisema. "Alisema nini?"

Nilikumbuka sharti la mama, nikaona kwamba limekwisha kuvunjika bila mimi kuamua. Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa mpangilio: lori lililopinduka, mimba, wazee, kaburi, na baada ya kaburi dereva. Nilimwambia kwamba dereva alipopewa ujumbe ule baba alikuwa amezikwa tayari.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Unanibembeleza."

"Sikubembelezi, dada."

"Miezi yote hii umeketi na neno kama hilo ukinitazama?"

"Alinikataza."

"Alikukataza. Na sasa rekodi haipo, na maneno yenyewe ni mazuri hivyo." Alitikisa kichwa. "Nimefanya kazi wodini miaka thelathini, mdogo wangu. Nimewaambia watu maneno mazuri ya namna hiyo. Najua yanavyotengenezwa."

Sijawahi kujisikia mnyonge hivyo. Nilikuwa nasema kweli, na sikuwa na kitu cha kuionyesha. Kama mama angekuwa amesema maneno makali, dada angeniamini bila swali.

Jumamosi alasiri alikwenda kwa mama, akapiga magoti kando ya kitanda. Mimi nilisimama mlangoni.

"Mama," alisema, "ni wewe uliyesema nisiitwe mpaka mzike?"

"Ee," mama alisema.

Dada alingoja. Kisha akauliza, kwa sauti ileile, "Au nilichelewa mwenyewe, mama?"

"Ee."

Mama alimtazama kwa upole, kama anavyomtazama anapomletea maji. Dada aliinama akaweka paji la uso kwenye shuka, akakaa hivyo. Niliondoka mlangoni kwa sababu sikuwa na haki ya kuendelea kutazama.

Baadaye alinifuata uani nilikokuwa nimekaa.

"Niambie tena," alisema. "Kwa maneno yake. Si hayo yako ya Kiswahili uliyoyapanga."

Nilianza kwa Kingoni. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimehifadhi maana nikaacha maneno. Sikukumbuka kama alisema "mjamzito" au "mzito". Sikukumbuka kama alitaja lori kwanza au wazee kwanza. Nilifika mahali nikasimama.

"Hapa alisema kitu kuhusu mto," nilisema. "Kwamba mto ulijaa, au kwamba aliota mto umejaa. Sina hakika."

"Huna hakika."

"Sina. Na mahali pengine alicheka kidogo, sijui kwa nini alicheka."

Alinitazama muda mrefu.

"Ungekuwa unatunga, hapo ungekuwa na hakika," alisema.

Kuku walikuwa wakichakura chini ya kamba ya nguo. Niliona midomo yake ikitembea, akipiga hesabu: siku ya dereva, siku za barabarani, siku ya kaburi.

"Kwa hiyo ile zamu ningeimaliza tu," alisema. "Hata ningeondoka siku ileile, yangekuwa yaleyale."

"Yangekuwa yaleyale."

Aliitikia kwa kichwa, akachukua beseni na kitambaa, akaenda kumwogesha mama. Nilidhani limekwisha. Kesho yake, tulipotoka misa, aliniuliza tena, kwa maneno yaleyale, mama alisema nini. Tangu hapo huniuliza kila baada ya siku chache, nami humjibu, nikijaribu kurudia kama nilivyosema mara ya kwanza. Siku hizi sina uhakika kama ninayemkumbuka ni mama akisema, au ni mimi nikimsimulia dada.